Karibuni Kura kwa Mama Adela

Nyie vijana wenye mashine za kuchapa mabango pale Mwanga, nawasikia mchana mkifunga ofisi. Mmoja anamwambia mwenzake, "Twende tukapige kura," mnacheka, mnaelekea kwenye ugali. Juzi nilimuuliza mmoja wenu neno hilo mmelitoa wapi. Akanijibu, "Mzee, hiyo ni lugha ya vijana, wewe huwezi kuijua." Nilijiondokea kwa kuheshimu mvi zangu, lakini nilipofika nyumbani niliisahau chai mpaka ikapoa. Sasa nasema. Hiyo lugha ya vijana nimeizaa mimi, kwa brashi namba sita na rangi nyekundu ya mafuta, na siku nilipoizaa nusura nifukuzwe kazi.

Mimi naitwa Bukuru. Nimeandika maandishi kwa mkono katika mji huu zaidi ya miaka thelathini: maduka, mitumbwi, milango ya saluni, migongo ya malori. Sasa mkono unatetemeka, nimeacha. Mdomo hautetemeki, kwa hiyo kaeni mnisikilize, na yule mwenye simu aiweke mfukoni.

Kazi nilifundishwa na Fundi Athumani wa Ujiji. Alikuwa mtu mfupi, kofia safi, kanzu ya Ijumaa haina hata doa moja la rangi, na ulimi mkali kama wembe. Kwake yeye Kiswahili kilikuwa mali ya urithi, aliachiwa na babu zake, na sisi tuliotoka vijijini tukisema Kiha tulikuwa tunakiazima tu. "Kiazime," alikuwa akiniambia, "lakini ukirudishe kikiwa kizima."

Mnaujua ulimi wetu Waha. R na L kwetu ni ndugu, wanaazimana nguo. Fundi Athumani akanipa dawa: kila asubuhi kabla ya kushika brashi niseme mara kumi, "Lori la Rajabu limelala barabarani." Nami kwa moyo wote nasema, "Rori ra Rajabu rimerara barabarani." Anafumba macho, anashika shavu utadhani jino limemuuma. "Tena." Watoto wa mtaa wakazoea kupita kwetu kusikiliza kabla ya kwenda shule.

Msije mkadhani yeye hakuwahi kukosea. Kulikuwa na tajiri mmoja pale Katonga aliyeunda boti jipya la kubeba abiria na dagaa, akaliita ZAMA ZETU. Alimaanisha kwamba nyakati hizi ni zetu, na sisi tumepata. Fundi Athumani akapima kwa uzi wa chaki, akaandika kwa rangi ya dhahabu, herufi kubwa mno za kupendeza. Kwa sababu zilikuwa kubwa, neno moja akaliweka ubavu wa kushoto, la pili ubavu wa kulia. Siku ya safari ya kwanza boti likasogea ufukweni kwa ubavu mmoja, na abiria wote wakaona neno moja tu: ZAMA. Bibi mmoja mwenye debe la mawese akalisoma kwa sauti, akageuza njia. Mwenye boti akamkimbilia, "Bibi, ng'ambo ya pili kuna ZETU." Bibi akasema, "Chombo kinachojiamrisha kuzama, mwanangu, mimi sikiulizi ng'ambo kuna nini." Akaenda zake, na nusu ya abiria wakamfuata.

Fundi Athumani mpaka anaondoka duniani hakukubali kwamba lile lilikuwa kosa. Aliliita ajali ya ubavu. Lakini kutoka siku hiyo alinifundisha jambo ambalo mashine zenu haziwafundishi: neno ukishaliandika, nenda ukasimame mahali pabaya kuliko pote, ulisome kutoka hapo. Kasimame nyuma ya mti, kasimame upande wa jua, chuchumaa pale mtoto anaposimama. Msomaji wako hatasimama pale uliposimama wewe na brashi yako.

Na kosa langu la nafasi niliseme, nisije nikaonekana namsema marehemu. Hilo nililifanya nikiwa fundi mzima, mwenye wanafunzi. Mshona nguo mmoja alitaka ubao ulioandikwa FUNDI WA MWANGA. Ubao ulikuwa mfupi, nikasahau mafunzo, nikaanza kuandika kutoka kushoto kama mwendawazimu, nafasi ikaniishia, nikaona ile WA ndogo haina faida, nikaiacha. Ikawa FUNDI MWANGA. Sasa mtaa ni Mwanga, sawa, lakini mwanga ni yule anayewanga pia, na hakuna mwanamke anayetaka kumpa mwanga kipimo cha kiuno chake. Yule bwana alikaa na cherehani yake wiki nzima anashona suruali yake mwenyewe. Kwa hiyo anzeni na herufi ya katikati, wanangu, mwende kushoto na kulia. Na maneno madogo msiyadharau, ndiyo yanayomtofautisha mtu na mchawi.

Haya, tuje kwa Mama Adela.

Mama Adela alikuwa na kibanda cha chakula kando ya soko la Mwanga, mabati manne na mabenchi mawili. Mgebuka wake sijampata tena mahali popote. Mgebuka, kwa aliyetoka mbali, ni yule samaki mwembamba mrefu wa ziwa letu. Mama Adela alimchoma kwanza, halafu akamuunga kwa mawese, na mtu akishaanza kula alikuwa haulizwi kitu mpaka amalize. Lakini ng'ambo ya barabara ilifunguliwa hoteli ya vioo, ina feni, ina viti vya kuegemea, na wateja wake wakavuka barabara mmoja mmoja. Akaja kwetu na ubao mpya kichwani, akautua mbele ya Fundi Athumani.

"Fundi, huu ubao ndio silaha yangu ya mwisho," akasema. "Niandikie kitu kitakachowasimamisha watu. Mwezi huu ukiisha na mabenchi yako vile vile, nafunga, narudi Kasulu kwa kaka yangu. Na kwa kaka yangu hakuna anayeningoja."

Hakulia. Aliyasema hayo akifuta vumbi kwenye ubao kwa ncha ya khanga yake. Mimi nilikuwa nakula kwake kila siku, na maneno yale yaliniuma.

Asubuhi iliyofuata Fundi Athumani akapata habari ya msiba wa shangazi yake Ujiji. Ikabidi kazi niifanye mimi, peke yangu, kwa mara ya kwanza. Alinikabidhi brashi namba sita. "Maneno matano," akasema. "Kwa Mama Adela, karibuni kula. Usiongeze, usipunguze." Akavaa kofia, akaenda zake. Aliyatamka, hakuyaandika, na hapo ndipo alipokosea yeye.

Kwetu kula tunaita kurya. Sikio langu lilisikia la kwao, mkono wangu ukaandika la kwetu. Nilipiga mistari kwa uzi wa chaki, nikaanzia katikati, nikakaza pumzi kwenye kona, na ile R niliipenda kuliko herufi zote. Niliipa mguu uliotangulia mbele, ungesema inatembea. KWA MAMA ADELA, KARIBUNI KURA. Mama Adela akasoma kwa kidole, polepole, mpaka mwisho.

"Karibuni kura," akasema.

"Ego," nikamjibu kwa Kiha, yaani ndiyo, hiyo hiyo.

Sote wawili ni watu wa Kasulu, nani angeliona kosa?

Sasa mwezi ule ulikuwa wa uchaguzi. Kila nguzo ya mji ina picha ya mgombea, kila kona ina spika. Nilikuwa bado nakusanya makopo yangu ya rangi alipofika Saidi, kuli wa bandarini, mtu wa utani kupita kiasi. Akausoma ubao. Akausoma tena. Akavua kofia.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kupiga kura."

"Marahaba, baba. Karibu kura."

"Ila kadi yangu nimeisahau nyumbani."

"Kadi ya nini? Hapa unanawa mikono tu."

Saidi akaangua kicheko, na waliokuwa wakipita wakasimama kutaka kujua anacheka nini. Akawaonyesha ubao. Mama Adela naye akatoka, akausoma upya, mara hii na kelele zote zile masikioni, na nikauona uso wake unavyobadilika. Kisha akageuka kunitazama mimi. Mkononi alikuwa na mwiko. Nilianza kutafuta njia ya kupita kati ya makopo.

Lakini Mama Adela hakuwa mjinga, na kabla hajanifikia aliwaona watu. Mabenchi yalikuwa yamejaa, wengine wamesimama, wote wanacheka, na hakuna aliyekuwa akitazama hoteli ya vioo. Akashusha mwiko.

"Wapiga kura, jipangeni foleni," akasema. "Na atakayemaliza anionyeshe kidole chenye wino."

"Wino gani, mama?" akauliza Saidi.

"Mawese."

Basi hapo mji ukapata ugonjwa. Watu walitoka kwa Mama Adela vidole vimeiva rangi ya mawese, wakikutana njiani wanaonyeshana: "Mimi nimeshatimiza wajibu, wewe je?" Tumbo likaitwa sanduku. Kuonja mchuzi ikawa kura ya maoni. Ugali ulioungua ni kura iliyoharibika. Mgebuka na dagaa wakawa wagombea, na kila mmoja alikuwa na wafuasi wanaomtukana mwenzake kwa adabu. Anayekula na kuondoka bila kumkaribisha rafiki yake, huyo amepiga kura ya siri. Kipande cha mwisho sahanini, ambacho kila mtu anakitaka na hakuna anayethubutu, kikaitwa kura ya turufu. Watu walitoka Gungu, walitoka Katonga na magamba ya samaki bado mikononi, wanauliza kituo kiko wapi. Nami nilipita mtaani kifua mbele, kama vile nilikusudia.

Siku ya tano akaja bwana mmoja wa ofisini, suruali imenyooshwa, karatasi mkononi. Hakucheka.

"Nani amewaruhusu kufungua kituo cha kura hapa?"

"Si kituo, mheshimiwa, ni kibanda cha chakula," akasema Mama Adela.

"Ubao unasema kura. Mnawachanganya wananchi. Urekebishwe, nami nitapita tena. Nikiukuta hivi, kibanda nakifunga."

Jioni hiyo Fundi Athumani akarudi kutoka Ujiji. Sikuhitaji kumweleza kitu. "Bukuru," akasema, akaketi bila kuvua kofia. "Kwenye matanga ya shangazi yangu watu walikuwa wanaulizana nani amepiga kura na nani bado. Wafiwa wanacheka. Nikauliza kuna nini, nikaambiwa ni kazi ya mwanafunzi wako." Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata nafuu. Alisema tu kwamba nikarekebishe, halafu tutazungumza kama mimi na brashi tuna safari moja.

Rangi ya mafuta ikishakauka siku tano haifutiki kwa tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, mjue hilo. Unaisugua kwa msasa, unapaka nyeupe, unasubiri ikauke barabara, ndipo unaandika juu yake. Niliamka alfajiri, nikaisugua ile R yangu mpaka ikaisha, nikaandika L iliyonyooka. KARIBUNI KULA. Sahihi kabisa. Mchana Saidi akaja, akautazama ubao, akakuna kichwa.

"Uchaguzi umeahirishwa?"

Hakuna aliyecheka. Waliotoka mbali wakitafuta kwa Kura walipita bila kusimama. Wengine wakaona ubao umebadilika, wakasema kibanda kimeuzwa. Feni za hoteli ya vioo zikaanza kuita tena. Siku ya kwanza Mama Adela alimwaga sufuria moja. Siku ya pili alikuja kwetu na sufuria lenyewe, amelibeba kichwani, akalitua mezani juu ya michoro ya Fundi Athumani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mama Adela."

"Wewe ni mtu wa Kiswahili, nami nakuheshimu. Hebu nisomee hapa ndani."

Fundi Athumani akafunua. "Samaki."

"Wamejaa?"

"Wamejaa."

"Saa tisa mchana, wamejaa. Kiswahili chako ni sahihi, Fundi, hakina kasoro. Na mimi narudi Kasulu na usahihi wako."

Fundi Athumani alilitazama sufuria. Alimtazama Mama Adela, ambaye sasa machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Kisha akainuka, akachukua brashi namba sita, kopo la nyekundu, kopo la nyeupe na msasa, akatoka. Mimi nikamfuata na ngazi.

Aliisugua mwenyewe ile L yangu. Akapaka nyeupe, akakaa chini ya jua kwenye benchi la Mama Adela kusubiri ikauke. Watu wakakusanyika. Ilipokauka akapanda ngazi, na mtu yule aliyenisimamisha kila asubuhi mbele ya lori la Rajabu akaandika R, kubwa, nyekundu. Mkono wake ulikuwa imara lakini midomo ilikuwa ikitembea. Nadhani alikuwa anawaomba radhi babu zake. Halafu chini yake, kwa herufi ndogo nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, akaongeza maneno mawili: YA TUMBO.

Akashuka. Akarudi nyuma, akaenda kusimama mahali pabaya, nyuma ya rundo la mkaa, akasoma kutoka hapo. KARIBUNI KURA YA TUMBO.

"Sasa ni Kiswahili," akasema. "Kosa ukilipa sababu, linakuwa ufundi." Nikajua brashi yangu imepona.

Yule bwana wa ofisini alirudi kesho yake mchana, na karatasi yake. Mama Adela alisimama kando ya moto, mikono ameifunga kwenye khanga, nami nilikuwa karibu yake kwa sababu kama kufungwa ni kufungwa, basi tufungwe wote. Bwana akasoma ubao. Akasoma lile neno la mwisho, akalirudia kwa sauti ndogo. Niliona shavu lake moja linacheza.

"Mgombea wa leo ni nani?" akauliza.

"Mgebuka, mheshimiwa," akasema Mama Adela.

"Na mpinzani wake?"

"Dagaa wa mawese."

Akakunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni. "Niwekee wote wawili sahani moja," akasema akiketi. "Tuunde serikali ya mseto."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile pale sokoni. Saidi alilala chini kwenye vumbi. Bwana alikula, akanyonya mifupa, akaomba ugali tena, na alipoondoka alinyoosha kidole juu, cha rangi ya mawese, ili kila mtu akione. Baada ya hapo hakuna aliyetugusa.

Mwenye hoteli ya vioo naye alikuja kwetu, wiki hiyo hiyo, anataka ubao wenye R kama ule. Fundi Athumani akamwambia kosa lile lina wenyewe, na kama anataka kosa akatafute la kwake. Alivuka barabara kurudi kwake.

Ninyi mnachapa ubao kwa dakika kumi, na mashine inawapigia mstari mwekundu chini ya kila kosa. Vizuri. Lakini kabla hamjafuta, mtazame huyo aliyesimama mbele ya ubao anafanya nini. Kama ameingia ndani kukaa, acheni.

Siku ya uchaguzi wenyewe ikafika. Watu walianzia kwenye foleni ya kweli, wakamalizia kwa Mama Adela, kila mmoja ana vidole viwili vyenye alama, kimoja cha serikali na kimoja cha mawese. Alipika tangu asubuhi, akaazima masufuria kwa majirani, akaazima mabenchi kanisani. Jua lilipoanza kushuka upande wa ziwa tulipita pale, mimi na Fundi Athumani, tukitoka kazini. Watu walikuwa wameanza kutawanyika. Mama Adela ameketi juu ya kigoda, miguu ameinyoosha, khanga imelowa jasho. Fundi Athumani akamsalimia kama alivyomsalimia kila jioni ya Mungu.

"Mama Adela, umeshindaje?"

Mama Adela akainama, akalichukua sufuria la mwisho, akaligeuza juu chini mbele yetu. Halikudondosha kitu.

"Kwa kura zote, Fundi."